Mkutano wa Mvuani: Uhakiki wa Baadhi ya Maneno ya Umati

Jumapili tarehe 18 Agosti 2019, wakati wa alasiri, mvua kubwa iliunyeshea mji wa Hong Kong, na katika mvua hiyo watu wengi mno walikwenda Victoria Park kuitikia mwito wa shirikisho la vyama vya kiraia lililoitwa Civil Human Rights Front. Walikwenda na miavuli yao, wakasimama katika viwanja vya mpira vilivyomo ndani ya bustani hiyo, kisha baada ya muda mfupi, aghalabu kiasi cha robo saa, wakatoka ili wengine waliokuwa wakingoja nje wapate mahali pa kusimama. Habari hiyo yaweza kusimuliwa kwa Kiswahili kwa sentensi tatu au nne, na mwandishi wa habari aliyeizoea kazi yake hatapata taabu ya kutafuta neno hata moja. Atasema kwamba maelfu ya wananchi walimiminika, kwamba umati ulifurika mitaani, na kwamba walifanya hivyo licha ya mvua kubwa. Hicho ni Kiswahili safi, kisicho kosa la sarufi wala la upatanisho wa ngeli. Hata hivyo kina kasoro, na kasoro yenyewe si ndogo, maana yahusu swali la nani aliyetenda jambo lililotendeka siku ile.

Kitenzi kumiminika kimetokana na kumimina, na kiungo -ik- kilichotiwa baada ya shina hukifanya kiwe cha kauli ya kutendeka. Katika kauli hiyo jambo latajwa pasipo kumtaja mtenda. Kikombe kimevunjika: nani amekivunja? Sentensi haijibu, wala haidaiwi jibu. Maji yamemwagika, mlango umefunguka, mtama umemiminika. Kila kimoja kati ya hivyo kimepatwa na jambo. Watu wakimiminika, basi, nao wamepatwa na jambo, kana kwamba chombo kiliinamishwa nao wakatoka. Kufurika kuna sura iyo hiyo. Shina lake ni kufura, yaani kuvimba, na kinachofurika ni mto uliovuka kingo zake, kitu ambacho watu wa bondeni hukikimbia. Kutiririka nako ni kwenda kwa kufuata mteremko wa ardhi. Awe mwandishi ana nia njema au mbaya, maneno haya, ambayo ni miongoni mwa yale yatumikayo mno kwa umati wa watu, yote huwafanya watu kuwa maji, na maji hayana hiari.

Itajibiwa kwamba huo ni usemi wa picha tu, na kwamba kiungo -ik- hakiondoi hiari kila kionekanapo. Jibu hilo lina haki yake. Kukusanyika nako kuna -ik-, wala hapana asemaye kwamba waliokusanyika msikitini kwa sala ya Ijumaa hawakukusudia. Lakini liko jaribio jepesi liwezalo kuvitenga vitenzi hivi. Kila kimoja na kitiwe katika kauli ya kuamuru. Kusanyikeni ni amri iliyozoeleka. Kutaneni na andamaneni zaeleweka mara moja. Miminikeni, je? Furikeni? Sarufi haikatazi, ila sikio hucheka. Waandaji wa mikutano wenyewe hawawaiti watu kwa maneno hayo. Wao husema jitokezeni kwa wingi, na hapo kiungo -ji- chamrudishia msikilizaji nafsi yake, maana yeye ndiye atakayetoka na yeye ndiye atakayejitoa. Mkutano ukiisha, gazeti la kesho yake huandika kwamba wananchi walimiminika. Kati ya jitokezeni ya jana na walimiminika ya leo kuna mtu aliyepotea njiani.

Ili kuona mtu huyo ni nani, haina budi kurudi Victoria Park na kueleza kwa nini watu wale waliingia na kutoka badala ya kusimama. Mwezi wa Februari 2019 serikali ya Hong Kong ilitoa pendekezo la sheria ambayo ingaliruhusu washitakiwa kupelekwa kuhukumiwa katika nchi na maeneo ambayo hayakuwa na mapatano ya namna hiyo, China bara ikiwamo. Wananchi walilikataa pendekezo hilo. Tarehe 9 Juni waandaji walisema waliotoka walikuwa milioni moja. Tarehe 16 Juni walisema walikaribia milioni mbili. Polisi walitaja hesabu ndogo zaidi kwa siku zote mbili. Kati ya Juni na Agosti moshi wa machozi ulikuwa umekwisha kuwa jambo la kila mwisho wa juma. Kwa ajili ya tarehe 18 Agosti waandaji waliomba mambo mawili: mkutano katika bustani, na maandamano kutoka bustani hiyo hadi Chater Road katikati ya mji, mwendo wa zaidi ya kilomita tatu. Polisi waliukubali mkutano, wakayakataa maandamano. Rufani haikufaa kitu.

Hapo ndipo suala la lugha lilipoanza kuwa suala la kifungo. Sheria ya amani ya umma ya Hong Kong, iliyotungwa mwaka 1967 katika enzi ya Waingereza, hutenga vitu viwili: kusanyiko la watu waliosimama mahali pamoja na msafara wa watu wanaokwenda. Kusanyiko likizidi watu 50 sharti polisi waarifiwe. Msafara wahitaji taarifa hiyo ukizidi watu 30. Msomaji wa Afrika Mashariki haoni jambo geni, kwani mgawanyo uu huu umo katika sheria ya Kenya, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1950, na mkono uliouandika ni mmoja. Kwa Kiswahili pande mbili za mgawanyo huo zimepata majina yaliyokwisha kukomaa, mkutano wa hadhara na maandamano, na mtu aliyezaliwa akayakuta hudhani kwamba lugha yenyewe ndiyo iliyovitenga vitu hivyo.

Lugha haikuvitenga hivyo. Kukutana ni kukuta kulikotiwa kiungo cha kutendana: huyu amemkuta yule, na yule amemkuta huyu. Hakuna ndani yake habari ya kusimama wala ya kwenda. Wasafiri wawili hukutana njiani wakiwa katika mwendo. Kuandamana ni kuandama, yaani kufuata, kulikotiwa kiungo kile kile. Mwezi huandama, na mwezi mwandamo hutazamwa na watu wote wa pwani mwishoni mwa Shaabani. Kuandamana kwa asili yake ni kufuatana, na mtu aweza kuandamana na mwenziwe kwenda sokoni, wawili tu, pasipo bango wala kibali. Pwani msafara wa sherehe una jina lake jingine, zefe, ambalo halikuingia katika sheria, na kwa hiyo limesalimika. Neno hadhara nalo ni la shina la Kiarabu ambalo limetupa pia kuhudhuria na mahudhurio, na maana iliyo moyoni mwake ni kuwapo mbele ya watu. Basi vitu viwili ambavyo sheria imevitenga kwa uzio, Kiswahili kilikuwa kimevitengeneza kwa kiungo kimoja, -an-, ambacho hakiwezi kusimama pasipo watenda wawili au zaidi. Hicho ni kinyume kabisa cha -ik- ya kumiminika.

Mtu aweza kudhani kwamba hayo ni mambo ya darasani. Lakini Tanzania ilikaa tangu 2016 hadi Januari 2023 mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa ikiwa imepigwa marufuku, ilhali mikutano ya ndani ilisemekana kuwa halali, na watu wazima walibishana kwa dhati juu ya wapi ndani huishia na nje huanzia. Nchini Kenya kiwanja cha Kamukunji mjini Nairobi, ambapo mkutano uliokuwa umekatazwa ulijaribiwa tarehe 7 Julai 1990, kimezaa nomino ya kawaida: kamukunji sasa ni mkutano wa wazi wa wanafunzi au wa wafuasi wa chama, popote ulipo. Na neno maandamano limevuka hata mpaka wa lugha, likaingia katika Kiingereza cha magazeti ya Nairobi bila kufasiriwa. Neno huvuka hivyo pale ambapo wenyeji wa upande wa pili wanahisi kwamba neno lao wenyewe halitoshi.

Watu wa Hong Kong, walipoambiwa kwamba waweza kusimama lakini wasiende, walitunga jina la kitu cha tatu. Kwa Kikantoni waliuita lau seoi sik zaap wui, yaani kusanyiko la namna ya maji yapitayo. Watu wangeingia bustanini, wangekaa kitambo, wangetoka, na wengine wangeingia. Na kwa kuwa mtu akitoka mahali hana budi kwenda mahali pengine, wangekwenda. Neno zaap laandikwa kwa alama ambayo asili yake ni ndege walio juu ya mti, na ni nani asiyejua kwamba ndege hutua na huruka? Neno la Kikantoni la maandamano, jau hang, limeundwa kwa kutembea na kwenda, wala halina kufuatana ndani yake. Kila lugha, kama ionekanavyo, imeukata mgawanyo huu kwa kisu chake.

Kuna hapa jambo la kumtatiza mhakiki. Imekwisha kusemwa kwamba maneno ya maji huwanyima watu hiari. Je, si watu wale wale waliojiita maji? Kwa hakika walijiita hivyo tangu mwanzo wa harakati zile, wakiegemea mafunzo ya Bruce Lee, mcheza sinema aliyekulia Hong Kong na kufa mwaka 1973, ambaye aliwausia wapiganaji waige maji kwa kutokuwa na umbo moja. Lakini tofauti ni kubwa. Aliyesema tuwe maji ametumia kitenzi cha kuwa katika hali ya kutaka. Maji ni kile anachochagua kuwa. Aliyeandika walimiminika amewaona kutoka juu, penye dirisha au penye helikopta, akaona kitu kitelezacho. Picha ni moja, na nafsi za usemi ni mbili. Wanafunzi wa Kiswahili hawana haja ya kwenda mbali kuona hivyo. Katika vita vya Maji Maji, vya mwaka 1905 hadi 1907, watu walikwenda Ngarambe kwa miguu yao kuchukua maji, na neno hilo moja likaunganisha makabila ambayo hayakuwa na lugha moja. Naye Ebrahim Hussein katika tamthilia yake Kinjeketile, iliyochapwa mwaka 1969, alilishika jambo hilo kwa upande wake ulio mgumu, kwamba neno likishatoka kwa aliyelitoa hushikwa na wengine na kuwa na nguvu asizoweza yeye kuzizuia. Maji ya Ngarambe yalichukuliwa, hayakuwamiminikia.

Mahakama haikulikubali jina la kitu cha tatu. Watu tisa mashuhuri walishitakiwa kwa siku ile ya mvua, na miongoni mwao Martin Lee na Margaret Ng, mawakili wakongwe waliopata kuwa wabunge, na Jimmy Lai mwenye gazeti. Walitoka bustanini wakiwa wameshika bango refu, wakatangulia hadi Chater Road. Utetezi ulisema kwamba huko kulikuwa kuwatoa watu kwa usalama katika mahali palipojaa kupita kiasi. Mahakama ya Wilaya, mnamo Aprili 2021, iliona kwamba yalikuwa maandamano yasiyoruhusiwa yaliyopewa jina jingine. Wawili walikuwa wamekiri kosa. Saba walitiwa hatiani kwa kuyaandaa na kwa kushiriki. Baadhi walifungwa, wengine wakapewa kifungo ambacho utekelezaji wake uliahirishwa. Agosti 2023 Mahakama ya Rufani ilifuta hatia ya kuandaa, kwa kuwa kuwa mbele peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwandaaji, lakini ikaiacha hatia ya kushiriki. Na Agosti 2024 Mahakama ya Mwisho ya Rufani iliikataa rufani ya washitakiwa.

Kwa jicho la mwanaisimu, hukumu hizo ni mjadala mrefu juu ya kiungo -an-. Kama watu wanafuatana, nani anafuatwa? Kuandama kunataka aliye mbele na aliye nyuma. Kuandamana hakumtaji aliye mbele. Kwasema tu kwamba kila mmoja yu nyuma ya mwenziwe. Mahakama ya kwanza iliona bango, ikaona aliye mbele, ikamwita mwandaaji. Mahakama ya pili ilisema kwamba aliye mbele ni mmoja wa wanaoandamana. Haielekei kwamba majaji wale walijua Kiswahili, na sheria yao haikuandikwa kwayo. Lakini mfasiri atakayeziweka hukumu hizo katika Kiswahili atakuta kwamba hukumu ya pili yaingia katika neno maandamano kwa wepesi, na ya kwanza itamlazimu kuongeza neno uongozi mahali ambapo lugha haikuliweka.

Tofauti ya maneno yaonekana pia katika hesabu. Waandaji walisema watu waliofika walikuwa milioni 1.7. Polisi walitaja 128,000. Magazeti mengi yaliziweka tarakimu hizo bega kwa bega, kana kwamba mtu mmoja amesema kweli na mwingine amesema uongo, au kana kwamba kweli iko nusu ya njia kati yao. Lakini polisi walitaja idadi ya waliokuwamo bustanini katika saa ya msongamano mkubwa kuliko zote. Yaani walihesabu mkutano. Waandaji walidai kuwahesabu wote waliopita na wote waliojaza mitaa ya jirani wasiweze kuingia. Yaani walihesabu mkondo. Anayehesabu maji ya mtungi na anayehesabu maji ya mto hawawezi kupatana, hata wakiwa waaminifu wote wawili. Hapana haja ya kuiamini tarakimu ya milioni 1.7 ili kuona jambo hili; yawezekana ilitiwa chumvi nyingi. Linalolaumiwa ni gazeti lililoandika kwamba waliohudhuria mkutano walikuwa 128,000 kwa mujibu wa huyu au 1,700,000 kwa mujibu wa yule, likitumia kitenzi kimoja kuhudhuria kwa vitu viwili. Mtu aliyesimama robo saa, akampisha mwingine, amehudhuria au hakuhudhuria? Kwa Kiswahili jibu ni ndiyo, maana alikuwapo. Kwa hesabu ya polisi hayumo, isipokuwa robo saa yake iliangukia katika saa ile.

Juu ya mvua yenyewe maneno yetu ni mazuri kuliko matumizi yake. Kiswahili kina manyunyu na rasharasha, kina masika na vuli, na kina kitenzi kunyeshewa ambacho ni cha kauli ya kutendewa iliyotiwa katika kutendwa, hata mtu aliyelowa akawa ndiye kiima cha sentensi. Lakini katika habari za mikutano hayo yote huachwa, na badala yake huja licha ya mvua. Usemi huo ni mhuri. Humfanya msomaji aione mvua kama kizuizi na watu kama wakaidi, kisha husonga mbele. Hausemi mvua ilifanya nini. Mengine ni ya mapokeo: wanasiasa wetu, mvua ikianza, hupenda kusema kwamba mvua ni baraka, na aghalabu husema hivyo wakiwa chini ya turubai la jukwaa, ilhali wale wanaobarikiwa wako nje wakichuruzika maji.

Katika Victoria Park mvua ilifanya kazi ambayo licha ya haiwezi kuisema. Iliifungua miavuli, na mwavuli katika mji ule ulikuwa na historia. Tarehe 28 Septemba 2014 polisi walitupa mabomu 87 ya machozi katikati ya mji, na watu wakajikinga na dawa ya pilipili kwa miavuli. Waliyakalia mabarabara kwa siku 79, na harakati yao ikachukua jina la mwavuli. Kwa Kikantoni neno la kila siku la mwavuli ni ze, ambalo maana yake ni kufunika. Neno jingine lipo, saan, lakini hutamkwa sawasawa na saan yenye maana ya kutawanyika, na hiyo ndiyo sababu itolewayo mara nyingi ya wenyeji kuliepuka. Aidha mtaa wa Chater huitwa kwa Kikantoni Ze Daa, na masikioni mwa mwenyeji jina hilo la mfanyabiashara wa zamani wa asili ya Kiarmenia lina mwavuli ndani yake. Watani hawakuliacha lipite. Neno letu mwavuli lina shina moja na kivuli, nalo hulinda kichwa dhidi ya jua kwanza na mvua baadaye. Hilo lafaa hapa pia, kwa kuwa mwaka 2019 mwavuli uliukinga uso dhidi ya jicho la kamera, na paa la miavuli likamnyima aliye juu nafasi ya kuhesabu vichwa. Anayepima umati kwa eneo akumbuke vilevile kwamba mtu mwenye mwavuli uliofunguliwa hushika nafasi kubwa kuliko mtu mwenye kichwa kitupu. Wakaidi wa mvua ndio waliosaidiwa nayo.

Na swali lile la Watanzania, la ndani na nje, lapata sura mpya mtu anapotazama picha za siku ile. Uwanja mzima una paa. Je, huo ulikuwa mkutano wa ndani?

Kati ya madai matano ya wananchi wale, moja lilikuwa dai la neno. Walitaka serikali ifute jina ililolipa kusanyiko la tarehe 12 Juni 2019, ambalo kwa Kiswahili lingeitwa ghasia, au fujo, au machafuko. Dai hilo limefasiriwa katika Kiswahili kwa namna nyingi, na mara nyingi kwa ulegevu, kwa sababu mfasiri hakuona uzito wake. Kwa sheria ya Hong Kong kushiriki katika kitu kiitwacho hivyo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 10. Fujo ni neno jepesi mno. Watoto hufanya fujo darasani, na mlevi hufanya fujo kilabuni. Vurugu ni hali ya vitu kutokuwa katika utaratibu wake. Ghasia lakaribia zaidi, na ndilo lililofaa. Lakini lililo baya zaidi ni pale mwandishi anapoyatumia yote matatu katika aya moja kwa kuogopa kurudia neno, kwa kuwa alifundishwa shuleni kwamba kurudia ni umaskini wa lugha. Katika hadithi ushauri huo wafaa. Katika habari ya watu wanaodai kwamba neno moja lifutwe, kulibadilisha neno hilo mara tatu ni kulifuta dai lenyewe. Tarehe 4 Septemba 2019 serikali ilitangaza kuliondoa pendekezo la sheria; dai la neno halikukubaliwa.

Limebaki suala la jina la Kiswahili la kusanyiko lile. Mkutano wa maji yapitayo ni tafsiri ya neno kwa neno, nayo humfanya msikilizaji adhani kwamba wajumbe walijadili mambo ya mabomba. Mkutano wa mkondo ni fupi na lina sauti njema, ila lina ugonjwa ule ule wa kumiminika, maana mkondo hukokota. Ikiwa yaliyosemwa juu ya -ik- na -an- yana ukweli, jina na litafutwe katika kauli ya kutendana. Kupita hutoa kupisha, na kupisha hutoa kupishana. Anayepisha humwachia mwenziwe njia kwa adabu yake, wanaopishana huachiana. Hilo ndilo lililotendeka mlangoni mwa bustani: huyu aliyekwisha kulowa alitoka, yule aliyekuwa akilowa nje akaingia. Mkutano wa kupishana, basi, husema habari ya mwendo, na husema habari ya hiari, na halimwachi mtu yeyote kuwa tone la maji.

Upungufu wake uko wazi, na haufai kufichwa. Kupishana ni pia kukosana njiani, kama wageni wawili ambao mmoja amekwenda kwa mwenziwe na mwenziwe amekuja kwake. Na hata fikra hupishana. Mpinzani atasema kwamba watu waliopishana hawakukutana, na kwamba jina hilo lajipinga lenyewe. Badala yake yaweza kusemwa mkutano wa kupokezana, kwa mfano wa wachukuzi wanaopokezana mzigo au walinzi wanaopokezana zamu. Kupokezana hakuna dosari ya kukosana, na kuna mzigo ndani yake, jambo ambalo lafaa. Lakini hakuna mwendo; watu waweza kupokezana wakiwa wamekaa, na wale wa Hong Kong walikatazwa kwenda, wakaenda.